Kibuyu Kilichooshwa

Asubuhi ile ya mwaka wa pili wa uhuru, soko la Mahabibo mjini Mahajanga, Madagaska, lilijaa hata pa kupitisha kikapu hapakuwa. Boinali alijipenyeza mpaka kwa wauza maziwa, sanduku la chupa kifuani. Alikuwa kijana wa maabara ya mifugo, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, na kazi yake ilikuwa kuchota mtindi wa kila muuzaji, kijiko kimoja kimoja.

"Kijiko hicho cha hospitali," alisema msichana aliyeketi nyuma ya kibuyu kirefu, "mgonjwa ni nani? Maziwa au wewe?"

Wanawake wakaangua kicheko. Msichana alivaa saluva ya manjano, mashavuni amepaka msindzano, ule unga wa msandali. Alisema Kikomori kilichochanganyika na Kimalagasi, kama wasemavyo watu wa kisiwa cha Nosy Be.

"Mgonjwa hajajulikana, dada. Ndiyo maana napima wote."

"Basi anza na mwenye kijiko."

Boinali alichota, akaonja uliobaki kijikoni. Mtindi ule ulikuwa mzito, mtamu kwa mbali, na ulikuwa na harufu ambayo hakuijua. Bi Mariamou, muuzaji wa pembeni, alimwona alivyosimama ameduwaa, akasogeza kikapu chake taratibu ili kijana apate pa kuchutama.

Msichana aliitwa Faouzia. Alikuwa amekuja kukaa kwa mjomba wake Djaffar baada ya mama yake kufariki. Tangu siku ile Boinali alipita sokoni kila Ijumaa baada ya sala, hata siku zisizo za kupima.

"Huko kwenu mnafanya nini na maziwa yangu?" Faouzia alimuuliza.

"Tunatafuta vijidudu waliomo. Tunawatenga, kila mmoja kisahani chake cha kioo, tuone tabia yake. Halafu tunawakutanisha wawili wawili. Wengine husaidiana, wengine huuana."

"Kama mawifi."

"Kama mawifi, mpenzi."

Lilikuwa limemponyoka neno hilo. Faouzia akainamisha uso, akajidai kufunga kizibo.

Baada ya miezi mitatu Faouzia alimkabidhi kibuyu chenyewe, kwa sababu Boinali alisema kijiko hakitoshi, vijidudu wengine hukaa kwenye ukuta wa ndani.

"Mama alikipokea kwa mama yake," alisema. "Ndicho nitakachoingia nacho kwa mume wangu. Siku mbili tu, Boinali."

"Siku mbili. Nitakutunzia kama mboni ya jicho."

Akatimiza ahadi ya siku. Alichota, akapaka matone kwenye visahani, akatazama kwa hadubini. Kisha akafanya alilofundishwa: chombo hakitoki maabara bila kupita kwenye chungu cha mvuke kiuacho vijidudu. Na kwa mapenzi yake akaongeza. Alikisugua ndani kwa mchanga, akakisuuza mara tatu, akakikausha juani. Kwao, familia ya mjini iliyokunywa maziwa ya kopo, chombo cha watu hurudishwa kikiwa safi kuliko kilivyokuja.

Aliporudishiwa, Faouzia alifungua kizibo, akanusa. Akanusa tena.

"Umekiosha."

"Nimekichemsha kabisa. Hata chembe haikubaki!"

Alisema hivyo akitabasamu, maskini. Faouzia alikumbatia kibuyu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Humo chini hubaki kidogo siku zote," alisema polepole. "Kile kidogo ndicho kinachogandisha maziwa ya kesho. Mama aliacha chake, bibi aliacha chake. Hakijawahi kukauka, Boinali. Hata siku ya mazishi tulikimiminia maziwa."

Wiki ile ile akarudi Nosy Be.

Boinali alipanga foleni posta asubuhi nzima apate simu ya kisiwani.

"Faouzia! Ninao! Wako hai, watatu, kwenye visahani!"

"Wanagandisha maziwa?"

"Kila mmoja peke yake... hapana."

"Basi usinipigie kunihesabia wafu wangu."

Akakata simu. Karani wa posta, aliyesikia upande mmoja tu, alimletea Boinali maji ya kunywa bila kuulizwa.

Ndipo kazi ilipoanza kwa kweli. Daktari wa maabara alimpa ufunguo wa Jumapili. Bi Mariamou alimletea maziwa ya ng'ombe yule yule mmoja, ili jaribio lisipotoshwe na malisho. Kijidudu wa kwanza peke yake aliyafanya maziwa maji machungu. Wa pili peke yake alilala tu. Alipowatia pamoja kwenye kabati la joto, maziwa yaliganda kabla ya adhuhuri: mmoja alimmeng'enyea mwenzake chakula, na mwenzake akamrudishia uchachu uliomwamsha. Wa tatu, mwenye harufu, alikufa kila alipoingizwa mapema. Ilimchukua Boinali wiki tisa kujua kwamba huyo anataka kuja mwisho, wale wenyeji wawili wakishapoa. Yote aliyaandika, na kila ukurasa alijiona mjinga zaidi, kwa maana akina mama wa Nosy Be waliyajua haya kwa mikono.

Mwezi wa tano tangu Faouzia aondoke, alipanda lori hadi bandari ya Antsahampano, akavuka kwa mashua hadi Nosy Be, chupa ya mtindi imefungwa ndani ya shati la pili.

Faouzia alikuwa kibarazani, ameketi mkekani. Alikuwa amekonda. Hakumfukuza, akaleta kijiko. Boinali alimtazama akimeza.

"Si mtindi wa mama," alisema Faouzia.

"Najua."

"Ulijua, ukaja?"

"Kulikuwa na kijidudu wa nne. Nilimwona kwa hadubini siku ile ya kwanza, mwembamba kama uzi. Kwenye kisahani hakuota. Nadhani hawezi kuishi mbali na wenzake. Nikasema nitarudi kumtafuta kibuyuni. Kumbe nilikuwa nimeshakichemsha. Hayupo tena, Faouzia. Nimemuua mimi."

"Ungeninyamazia, nisingejua. Ningesema ni malisho."

"Ningekuwa nakulisha uongo kila siku."

Faouzia aliweka kijiko chini, akafunika uso kwa mtandio, akalia. Alilia kilio alichokiweka tangu mazishi, kirefu, bila kujali wapita njia. Boinali hakumgusa wala hakumbembeleza. Alikaa chini ya ngazi na kusubiri, jua likimchoma shingo.

Hatimaye Faouzia akajifuta machozi.

"Nimtume nani na posa kwa mjomba Djaffar?" Boinali aliuliza kwa sauti ndogo.

"Usitume mtu. Nenda mwenyewe, umweleze ulichofanya, chote. Akikubali, ndoa iwe baada ya mfungo. Sitaki kuingia kwako na hasira hii."

"Na hasira ikikataa kwisha?"

Faouzia alifikiri, kwa kweli alifikiri, akihesabu vidole vyake kama anayepima jambo zito.

"Basi nitaingia nayo. Utaizoea."

Akasogea ukingoni mwa mkeka, akamwachia nafasi penye kivuli.