Chumvi ya Nyumba ya Jirani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yolande alimsaidia mama yake, Mama Clotilde, kutia samaki chumvi pale ufukweni mwa ziwa, Nchelenge. Samaki walipasuliwa, wakapakwa chumvi ya mawe ya gunia, kisha wakaanikwa kwenye vichanja. Chumvi iliyobaki ndani ya beseni ilipelekwa jikoni. Ndiyo waliyopikia matembele na maharagwe.

Mwaka huo shingo ya Mama Clotilde ilivimba kwa mbele, kama mtu aliyemeza limau likakwama. Aliificha kwa kitenge.

Jumatatu moja Dokta Pierrette alifika shuleni. Alizaliwa hapo karibu, Kafutuma, binti wa mwuza samaki kutoka Kongo. Alisoma mpaka chuo kikuu Lusaka, na kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kuchunguza homoni.

"Homoni ni ujumbe unaosafiri ndani ya damu," aliwaambia wanafunzi. "Mojawapo hutengenezwa na tezi ya hapa shingoni. Tezi ikikosa madini ya iodini, inahangaika mpaka inavimba. Iodini hutiwa kwenye chumvi ya pakiti. Kesho kila mmoja aniletee kijiko cha chumvi ya jikoni kwao."

"Yolande, wewe utaleta na magamba humo humo!" alisema Taonga. Darasa zima likacheka.

Basi kesho yake Yolande alipitia kwa jirani. "Mama Jessica, mama anaomba chumvi kidogo." Alipewa chumvi nyeupe, laini, ndani ya karatasi. Shuleni Dokta Pierrette aliidondoshea tone la dawa. Chumvi ikageuka buluu kama wino.

"Safi kabisa. Kwenu iodini ipo," akasema, akaandika. Taonga aliinamia daftari lake, na Yolande akafurahi.

Furaha hiyo ilikwisha mchana. Alipofika nyumbani alimkuta dokta, aliyekuwa akipita nyumba za wanafunzi kutazama shingo za wazazi, ameketi na mama yake.

"Mama, chumvi yenu nimeipima, haina kosa," dokta alikuwa akisema. "Basi uvimbe huu una sababu nyingine. Itabidi uende hospitali kubwa Lusaka waitafute. Pengine watapasua."

"Kunipasua shingo?" Mama Clotilde alimgusa Hénoc, mtoto wake mdogo, mgongoni. "Na huyu mutoto nitamuachia nani?"

Yolande aliinamia vyombo, akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu mama yake alimwita amfundishe kupika uji wa Hénoc. "Usiwe mzito, mwanangu. Hapendi. Uonje kwanza kama umepoa." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeaga. Yolande aliweka mwiko chini, akachota chumvi ya jikoni, akakimbia hadi kliniki alikokuwa dokta.

"Dokta, nilidanganya. Ile ilikuwa ya jirani. Yetu ni hii, ya samaki."

Dokta Pierrette alidondosha tone. Chumvi haikubadilika rangi hata kidogo. Alifungua daftari lake, akalifuta kwa mstari jibu la kwanza.

"Nilipokuwa mwanafunzi," alisema, "nilivunja chupa ya damu ya mgonjwa. Nikaogopa, nikabuni namba za kipimo chake. Profesa wangu alihangaika miezi mitano akitafuta ugonjwa usiokuwepo. Mpaka leo nikikumbuka naona haya. Twende, utamwambia mama yako mwenyewe."

Yolande alimwambia yote.

"Kumbe ulionea haya chumvi yetu?" Mama Clotilde alisema. "Siku tatu nalia peke yangu, Yolande, na wewe unaniona."

Heri angempiga. Yolande alilia, akaomba msamaha.

"Safari ya Lusaka tuisimamishe kwanza," dokta alisema. "Mama, beseni la samaki libaki huko huko kwenye vichanja, jikoni mtumie ya pakiti. Uvimbe hautaondoka kesho, kwa hiyo kila mwezi uje kliniki tupime damu." Kisha akamgeukia Yolande. "Mimi sikukuomba chumvi nzuri, nilikuomba chumvi yenu. Ukinipa jibu zuri la uongo unanifunga macho, na anayeumia ni mgonjwa. Ukweli hata ukikuaibisha, ulete mapema."

"Na Mama Jessica?" aliuliza mama yake. "Yule anadhani mimi ndiye niliyeomba."

Yolande alifuta machozi kwa kiganja. "Naenda kwake sasa hivi, mama."