Radi na Fundi wa Vipaza Sauti

Wabunge wenzake walimwita Radi, na hawakumsingizia. Akikohoa mtaa wa juu, paka wa mtaa wa chini walikuwa wakidondoka paani. Kwa hiyo siku alipoingia duka la vifaa vya umeme, saa ya watu kukanyagana, akashika kipaza sauti cha mkononi na kunguruma, "Ndugu zangu!", duka zima liliinama.

"Hiki kinafaa," alisema, ameridhika.

"Kinafaa sana. Ila hakijawashwa."

Aligeuka. Mwanamke mwenye gauni la kijani, nyaya zimemning'inia shingoni kama mikufu, bisibisi ameichomeka kwenye nywele, alikuwa anacheka bila hata kujificha. Radi, aliyefiwa na mke miaka mingi nyuma, alisahau alichofuata dukani.

"Wewe ni fundi?"

"Ndimi ninayewawashia na kuwazimia vipaza sauti ukumbini kwenu, mheshimiwa. Hujawahi kuniona, maana ukihutubia unatazama dari."

Tangu siku hiyo dari ilikosa wa kuitazama.

Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na punguza sauti, jirani ameitikia kwamba na yeye amekula."

Mambo yaliingia mchanga siku ya malengo. Radi, akiwa kiongozi wa wabunge wa chama chake, alitakiwa kuwaeleza wenzake chama kinakusudia nini kwa miaka mitano, nao waamue kama wanamfuata au wanatafuta mwingine. Utaratibu wa ukumbi ulikuwa mmoja: kila msemaji ana dakika kumi, taa nyekundu ikiwaka, fundi anazima. Radi alivaa suti ya bluu iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, akajisemea moyoni: wengine watazimwa, mimi fundi ni wangu.

"Lengo la kwanza," alinguruma, "sheria moja kwa wote, mkubwa na mdogo!"

Makofi! Akanogewa. Akaeleza sheria, akamweleza babu yake, akaeleza na ng'ombe wa babu yake. Ndiyo kwanza afungue kinywa kwa lengo la pili, maji safi, kipaza sauti kikafa. Wabunge walicheka hadi miwani ikaanguka. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, sauti ya Radi nayo ikakauka. Kikao kikaahirishwa hadi wiki iliyofuata.

Alimkuta fundi kwenye korido, anakunja nyaya.

"Umenizima mimi?"

"Taa iliwaka."

"Mbele ya watu wangu! Nani amekutuma? Wanaokitaka kiti changu?"

Fundi aliacha kukunja. "Hapo umenivunjia heshima," alisema taratibu, akaondoka. Tangu hapo simu ikaita hadi ikachoka.

Radi akampigia mama yake.

"Mama, amenizima kama taa ya choo!"

"Pole, baba. Ulikuwa unasema nini?"

"Sheria moja kwa wote..."

"Mkubwa na mdogo," mama akamalizia. Alikuwa amemsikia akijifunza hotuba wiki nzima, na nyumba zao zimepishana mitaa mitatu. "Mwanangu, nilikuzaa na mdomo mkubwa nikidhani masikio yatafuata."

Kikao cha pili Radi hakumgusa ng'ombe. Sheria moja, maji safi, madawati, dawa zahanati, barabara zisizogeuka mito. Malengo matano, kila moja na namna ya kulifikia. Wenzake wakainua mikono, hata waliokuja kumcheka. Taa bado ya kijani.

"Nimebakiza muda," alisema, macho kwenye kibanda cha fundi. "Wiki iliyopita nilizimwa kwa haki, nikamshuku mtu aliyetimiza lengo letu la kwanza kabla yetu sote. Namwomba radhi. Na kama atanisamehe, lipo la sita. Nataka mimi na yeye..."

Kipaza sauti kikafa.

Ukumbi ukaguna. Fundi akashuka kibandani na gauni lake lile la kijani, akaja kusimama mbele yake.

"Muda wangu haujaisha!" Radi alilalamika.

"Hilo si lengo la chama. Hilo niambie mimi."

Radi akainama na, amini usiamini, akanong'ona.

"Hatusikii!" wabunge wakapiga kelele. "Rudia!"

Fundi akawageukia, machozi na kicheko vimechanganyika usoni.

"Aliyeulizwa amesikia," alisema. "Na amekubali."