Simu Ambayo Joanitha Hakuipiga

Kila siku akitoka shule, Joanitha alimenya ndizi za jioni, akateka maji, kisha akaketi karibu na bibi yake na kumsomea ujumbe wa simu. Bibi Kokubanza hakujua kusoma. Miguu nayo ilimuuma, hata kwenda mpaka barabarani ilikuwa kazi. Kwa hiyo Joanitha, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa macho na miguu yake.

Nyumba yao ilikuwa Kimuli, wilayani Kyerwa, pembeni mwa shamba la migomba na kahawa. Uani kulikuwa na banda la vyumba viwili vya kupangisha, lililojengwa na marehemu babu. Chumba cha kwanza alikaa Niyigena, ambaye watu walimwita Mama Hirwa. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, naye alilima vibarua katika mashamba ya watu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Hirwa, wa miaka minne. Chumba cha pili kilikuwa wazi.

Bibi alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kumpa mtu ufunguo, alitaka kitambulisho chake kionekane na namba yake iandikwe kwenye daftari. Alitaka mwenye nyumba wa zamani apigiwe simu na kuulizwa mtu huyo aliishije huko. Mwisho, mpangaji alipelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Ndyamukama, akaandikishwe. Watu wengine walimcheka. Walisema anapangisha chumba kama anayeoza binti.

Jumatano moja alikuja kijana nadhifu aitwaye Lameck. Alisema anafanya biashara ndogondogo na ametokea Kayanga, wilaya jirani ya Karagwe.

"Shikamoo bibi," alisalimia kwa adabu. "Kitambulisho nimekisahau Kayanga, nitakileta wiki ijayo. Lakini namba ya mwenye nyumba wangu wa zamani hii hapa. Anaitwa Mzee Nolasco."

Joanitha aliiandika namba ile kwenye daftari.

"Mjukuu wangu," alisema Bibi, "nenda barabarani kwenye mtandao, umpigie huyo mzee. Ukimaliza, mpeleke mgeni kwa Mwenyekiti. Bila hivyo ufunguo hautoki."

Jioni hiyo timu ya netiboli ya shule yao ilikuwa inacheza na shule ya Kibingo, na Joanitha ndiye aliyekuwa mfungaji. Alipofika barabarani alisikia wenzake wakishangilia uwanjani. Alisimama kidogo na simu mkononi, akaitia mfukoni, akakimbia uwanjani.

Aliporudi, Lameck alikuwa bado amekaa kwenye benchi.

"Umempata?" Bibi aliuliza.

"Nimempata," alijibu Joanitha bila kumtazama usoni. "Amesema ni mtu mzuri sana. Kwa Mwenyekiti nimepitia, hayupo."

"Basi mpe ufunguo. Kwa Mwenyekiti mtakwenda kesho."

Kesho ilipita. Wiki nayo ikapita, na kitambulisho hakikuletwa.

Baada ya wiki mbili Joanitha aliona Lameck akiingiza madumu ya njano chumbani. Harufu ya petroli ilimpanda puani.

"Kaka Lameck, hiyo si petroli?"

"Kidogo tu, ya kuwauzia wa bodaboda," Lameck alinong'ona, akampa soda na maandazi mawili. "Usimsumbue bibi, mdogo wangu. Mtu mzima ana mawazo mengi."

Joanitha alijua kwamba lile ni jambo la hatari. Mama Hirwa mwenyewe alimwambia mara mbili, "Mwanangu, harufu hii inaniumiza kichwa. Mwambie bibi, wewe ndiye anayekusikiliza." Lakini Joanitha alifikiri, nikisema, Bibi atataka Mzee Nolasco apigiwe tena, na uongo wangu utajulikana. Akanyamaza.

Jumamosi asubuhi Mama Hirwa aliwasha jiko la mkaa barazani apike uji. Hirwa alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Ndani ya chumba cha pili Lameck alikuwa anamimina petroli kutoka kwenye dumu kuingia kwenye chupa, na mvuke wake ukapenya chini ya mlango. Joanitha alikuwa anafagia uani. Alisikia mshindo, kisha akaona moto ukitambaa barazani kama maji yaliyomwagika.

"Maawe! Mwanangu!" Mama Hirwa alipiga kelele, akajitosa ndani ya moto, akamtoa.

Lameck alitoka mbio, akapita katikati ya migomba asionekane tena. Majirani walikuja na ndoo na mchanga, lakini petroli haikuwasikiliza. Kabla ya saa nne banda lote lilikuwa limekwisha. Zilibaki kuta nyeusi na mabati yaliyojikunja. Hirwa alipelekwa hospitali kwa pikipiki, miguu yake yote miwili imeungua. Alikuwa halii tena, na hilo ndilo lililowatisha watu zaidi.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Bibi alikaa mlangoni, chakula hakitaki. Polisi walikuja kuuliza.

"Mpangaji wako anaitwa nani kwa majina yote matatu?"

"Lameck," Bibi alijibu.

"Lameck nani? Kitambulisho chake? Mkataba?"

Bibi aliinamisha kichwa. Namba ya Mzee Nolasco haikumjia akilini, na Joanitha hakumkumbusha. Simu ya Lameck ilikuwa imezimwa. Mwenyekiti hakuwa na jina lake kwenye kitabu cha wakazi.

Watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu, wakampata asiyekuwepo. Kisimani Joanitha aliwasikia wanawake wakisema, "Jiko lilikuwa la nani? Si la yule Niyigena? Watu wa kuja hawana uangalifu. Mwenyekiti amwondoe kitongojini." Mama Hirwa hakuwa na wa kumtetea. Alikuwa hospitali, amekaa kando ya kitanda cha mtoto wake.

Joanitha aliteremsha ndoo yake tupu, akarudi nyumbani. Alimkuta Mzee Ndyamukama ameketi na Bibi. Alipiga magoti mbele yao.

"Bibi, sikumpigia Mzee Nolasco," alisema. "Nilikwenda kucheza. Kwa Mwenyekiti pia sikwenda. Na petroli niliiona. Mama Hirwa aliniambia nikueleze, sikukueleza. Kosa si lake."

Bibi hakumpiga wala hakumkemea, na Joanitha alitamani angempiga.

"Lete daftari," alisema Mzee Ndyamukama.

Alipiga ile namba kwa simu yake, ambayo mtandao wake ulifika hapo, akaweka sauti kubwa. Simu ilipokelewa mara moja, naye akaeleza yaliyotokea.

"Lameck?" ilisema sauti ya Mzee Nolasco. "Huyo nilimtoa kwangu kwa kosa hilohilo la petroli. Kitambulisho chake nina nakala, na mkataba wetu upo. Najua hata kwao. Namba yangu huwapa watu akibahatisha kwamba hawatapiga. Lakini ndugu zangu, kwa nini hamkunipigia kabla ya kumpokea?"

Joanitha alijifunika uso kwa mikono.

Kwa nakala ile polisi walimkamata Lameck siku ya tatu. Mwenyekiti aliitisha mkutano, akawaeleza watu ukweli wote, na waliokuwa wanamsema Mama Hirwa wakatazama chini. Bibi alitangaza kwamba Mama Hirwa na mwanawe wakitoka hospitali watakaa ndani ya nyumba yake yeye. Lakini banda halikurudi, na miguu ya Hirwa haikurudi kuwa kama zamani. Daktari alisema atatembea, ila itachukua muda, na makovu hayatamtoka.

Jumapili Bibi na Joanitha walikwenda kumtazama mtoto. Walikaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Bibi, utanisamehe?" Joanitha aliuliza.

"Mimi nimekusamehe. Tena na mimi nina langu. Niliacha wiki zipite bila kudai kitambulisho, kwa kuwa kijana alikuwa na adabu. Adabu ya mdomoni si kitambulisho." Bibi alinyoosha miguu yake kwa maumivu. "Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Mwenye nyumba hapangishi chumba peke yake. Anamchagulia mpangaji mwingine jirani. Mama Hirwa alilala akituamini kwamba tunamjua mtu tuliyemweka ubavuni mwake. Uongo wako ulikuwa wa maneno machache, ukamfikia mtoto aliyelala. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado dogo. Ukilificha, linakua."

Ndani, muuguzi aliita. Vidonda vilikuwa vinasafishwa, na alihitaji mtu wa kumshika mtoto mikono. Mama Hirwa alikuwa amechoka, hawezi tena kumshika. Joanitha aliingia, akasimama miguuni mwa kitanda, hajui kama anaruhusiwa kusogea.

Mama Hirwa, ambaye alikuwa ameshaambiwa yote, alimtazama. Kisha akajivuta kidogo pembeni, akamwachia nafasi.