Zamu ya Kusogea

Tak.

Sauti moja tu, kama kete iliyowekwa juu ya kigae, kutoka kwenye korido. Mke wa fundi saa alifumbua macho. Mumewe alikuwa amelala chali kando yake, macho yamemtoka.

"Umesikia?"

"Lala."

"Baba Kibonge, nakuuliza, umesikia?"

"Amesogea," akasema. "Lala."

Asubuhi mke alijiambia ni panya, akaendelea na cherehani yake.

Fundi saa alikuwa mgonjwa wa sataranji. Mchana alitengeneza saa za watu. Jioni alifungua kitabu cha mechi za mabingwa wakubwa, akazicheza upya peke yake, pande zote mbili. Hakujali mwanzo. Alipenda mwisho, pale ubao unapobaki mtupu, wafalme wawili na askari mmoja tu.

"Wafalme wakitazamana hivi, mraba mmoja katikati," alimweleza mkewe, "hakuna anayeweza kumkaribia mwenzake. Ila anayetakiwa kusogea ndiye anayeumia. Lazima ampishe mwenzake njia."

"Si akae tu, atulie?"

"Haruhusiwi. Zamu yako ikifika unasogea, hata kama kusogea ndiko kunakokuua."

"Mchezo gani huo wa roho mbaya? Ningejua naolewa na ubao ningemwambia baba adai mahari ya mbao."

Jioni moja, siku chache kabla ya sauti ile ya usiku, alichoka, akafunga kitabu mechi ikiwa haijaisha, akakitazama kiti kitupu kilichokuwa mbele yake. "Haya," akakiambia, "zamu yako." Mkewe alicheka hadi uzi ukakatika.

Korido yao ilikuwa ya vigae vyeusi na vyeupe, nyembamba, ikitoka sebuleni hadi chumba cha nyuma. Baada ya jioni ile fundi saa akaanza kuipita kigae kimoja kimoja. Alipiga hatua, akangoja. Akaenda upande, akangoja tena. Na alipongoja hakutazama mbele, mahali ambapo uso wa mtu mzima ungekuwa. Alitazama chini, usawa wa kiuno.

Kisha ikaja harufu ya poda ya mtoto, na ndani yake udongo mbichi uliotoka kuchimbwa.

"Ni jini?" mkewe alinong'ona jikoni, maji ya bomba yakimwagika ili wasisikike.

"Sijui. Ama ni jini limevaa umbo lake, ama ni yeye mwenyewe."

Hakuuliza yeye nani. Tangu homa ilipomchukua mtoto wao wa kwanza, mvulana wa miaka minne, jina lake halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Walisema "yule", au walinyamaza. Ubao wa sataranji ulinunuliwa wiki iliyofuata mazishi.

"Anataka nini?"

"Anamtaka mdogo wake. Anataka wa kucheza naye."

Mke alifunga bomba, akalifungua tena. "Tuhame. Leo leo."

"Kuhama nako ni kusogea, mama. Nikiondoka tu, amepita."

Jumapili, jua likiwa utosini na madirisha yote wazi, Kibonge, mtoto wao mdogo, alimponyoka mama yake mapajani, akatambaa kuelekea korido akichekelea, na mama alipomkimbilia alifika kizingitini akakuta miguu yake imekufa ganzi, haiendi mbele wala hairudi, na mbele yake mtoto ameketi juu ya kigae cheupe akimpungia mkono mtu aliye ng'ambo ya miguu ya baba yake, na baba yake amesimama katikati ya korido kama mlango, jasho likimchuruzika, kigae kimoja kitupu mbele yake, na baada ya kigae hicho hakuna kitu, hakuna kabisa, ila ile harufu, na pumzi ndogo ya haraka ya mtoto aliyekuwa akikimbia sasa hivi.

"Usisogee!"

"Ni zamu yangu," mumewe akasema. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukijiinua wenyewe, kisigino kwanza, na mikono yake yote miwili ilikuwa ikiukandamiza pajani na haiuwezi.

"Hao mabingwa wako," mke akasema, "wakibanwa hivi wanafanyaje?"

"Wanatafuta hatua ya ziada. Wanasogeza kitu kingine, pembeni huko, ili zamu imrudie mwenzao." Mguu ukapanda tena. "Mimi sina kitu kingine."

"Una mimi."

Alimgeukia, na mke akaona kwamba ameelewa, na kwamba anaogopa, kwa sababu wote wawili walijua ni kitu gani pekee alichokuwa nacho mama cha kusogeza, na kwamba mtoto akiitwa na mama yake huacha mchezo akaitika, na kuitika nako ni kusogea. Lakini kumwita ni kukiri kwamba yupo, na kwamba aliondoka, na kwamba miaka yote hii walimfungia nje kwa ukimya wao. Jina lenyewe lilikuwa dogo mno kwa uzito wake. Mguu wa mumewe ulikuwa hewani, ukianza kwenda kando, na ile pumzi ndogo ikasogea.

"Sudi," mama akaita. "Sudi, mwanangu. Sudi!"