Bibi Hanywi, Anatafuna

Nyumbani kwa akina Afra, pale mtaa wa Malindi, ukitaka jibu la moja kwa moja usimwulize Bi Kulthum. Bibi huyu ulimi wake ulijua kupiga chenga. Jirani akija asubuhi kuazima mkaa, yeye humwambia kwa huzuni, "Jikoni hamna mkaa, mwanangu, hata chembe." Na kweli jikoni hamna, gunia zima liko chini ya ngazi. Jirani akishafika mlangoni, bibi humwita, "Rudi basi. Umeuliza jikoni tu, mbona chini ya ngazi hukuuliza?" Hapo wote wawili hucheka mpaka machozi yawatoke, na mkaa hutolewa.

Afra, mjukuu wake, alikuwa darasa la sita, na mchezo huo wa bibi aliujua kuliko hesabu. Asubuhi moja ya likizo mama yake, Muzna, alimwita kutoka ukumbini.

"Afra."

"Naam, Mama."

"Vyombo ushaosha?"

"Nshavitia maji."

Muzna hakuuliza tena. Alikwenda jikoni mwenyewe akavikuta vyombo vimelala ndani ya beseni na ukoko wake. Akatoka na sufuria mkononi, akamtazama mama yake mzazi. "Mama, mtoto huyu unaniharibia."

"Kwani kasema uongo?" aliuliza Bi Kulthum, na akaanza kucheka. Lakini siku hiyo kicheko kilikatika. Alishika paji la uso upande wa kushoto na kukunja uso wote. Tangu juzi pahali pale palikuwa pakimwaka kama pamepakwa pilipili, na sasa malengelenge madogo yalikuwa yameteremka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye kope. Jicho lilikuwa limevimba hata halifunguki. Muzna aliweka sufuria chini, akaenda kuchukua buibui lake.

Hospitali waliingia wote watatu. Daktari Nahodha alikuwa mtu wa Makunduchi, mpole, asiye na haraka ya kusema. Aliitikia shikamoo ya Afra, akamtazama bibi jicho kwa taa ndogo, kisha akakaa.

"Huu ni mkanda wa jeshi, Bi Kulthum."

"Mkanda hufungwa kiunoni, baba. Huu wangu mbona umefungwa kichwani?"

Daktari akacheka. Alieleza kwamba virusi vya tetekuwanga aliyougua utotoni havikuondoka. Vilijificha kwenye mishipa ya fahamu, na sasa vimeamka. Vikishuka kwenye jicho lenyewe vinaweza kulipofua. Kwa hiyo atalazwa, na dawa ya kupigana na virusi hivyo ataingiziwa mshipani.

"Lakini kabla ya sindano nna maswali," alisema daktari. "Kuna dawa inayokuvimbisha au kukuwasha mwili ukiitumia?"

"Hakuna."

"Ushawahi kuugua figo?"

"Sijawahi."

"Nyumbani unakunywa dawa yoyote?"

Bi Kulthum alimtupia jicho Muzna, aliyesimama karibu yake. "Sinywi dawa yoyote, baba."

Afra aliuma midomo asicheke. Alijua siri ambayo mama yake hakuijua. Bibi alikuwa na vidonge vya rangi ya waridi vya kutuliza maumivu ya magoti. Mwaka uliopita vilimuumiza tumbo vibaya, Muzna akavitupa vyote na kumkataza visionekane tena nyumbani. Tangu hapo Afra ndiye aliyekuwa akitumwa duka la dawa la Mlandege kuvinunua kwa siri, na bibi akivitafuna asubuhi na jioni pamoja na tonge la halua, maana ni vichungu. Afra alikuwa ameapa kutosema. Kuwa msiri wa bibi kulimpa fahari kubwa.

Muzna alirudi nyumbani kuchukua nguo na uji, akamwacha Afra amwangalie bibi. Walipobaki peke yao wodini, Bi Kulthum alimvuta mjukuu wake karibu.

"Kaniuliza kama nnakunywa," alinong'ona. "Mie sinywi, nnatafuna." Wakacheka kimyakimya, mabega yakiwatikisika. "Sasa hebu fungua mkoba wangu unipe kimoja. Kitanda hiki kinaniua magoti."

Afra alikuwa ameshatia mkono ndani ya mkoba pale Nesi Mwatima alipoingia na chupa ya dripu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya bashasha. Alipata mshipa mara moja, akaufunga mkono wa bibi kwa plasta, kisha akamgeukia Afra.

"Wewe ndiye mlinzi leo? Basi nisikilize. Dawa hii haimiminwi haraka, itaingia polepole. Ikishafanya kazi yake inatoka mwilini kupitia figo. Figo zikikosa maji, inaganda humo humo ikazijeruhi. Kwa hivyo kazi yako ni kumnywesha maji bibi, na kuangalia kama anapata haja ndogo kama kawaida. Akiwashwa mwili, mkono ukimuuma hapa ilipo sindano, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, niite."

"Bibi maneno yake hayaeleweki siku zote," alisema Afra.

"Basi yakizidi," alijibu nesi, na wote watatu wakacheka. Akatundika chupa. "Ndiyo maana daktari akauliza habari za dawa. Hivi vidonge vya maumivu watu wanavyojinunulia madukani, vingi vinazielemea figo. Vikikutana na dawa hii, figo zinaweza kushindwa kabisa. Alhamdulillahi, bibi yako hatumii."

Afra aliacha kucheka. Mkono wake bado ulikuwa ndani ya mkoba, na vidole vyake vilikuwa vimeshika karatasi ya vidonge. Alimtazama bibi. Bi Kulthum alikuwa amemkazia lile jicho zima, na jicho lile lilisema neno moja tu: nyamaza.

Nyie, msione kazi hiyo ni ndogo. Afra alikuwa amelelewa ajue kwamba mtu mzima hakosolewi mbele ya watu, sembuse bibi mzaa mama. Na kiapo je? Na mama akijua? Akasema ndani ya nafsi yake kwamba bibi ni mjanja, labda anajua anachofanya. Kisha akaona wazi kwamba bibi hajui. Bibi alikuwa ameshinda mchezo wa maneno tu, na figo hazichezi mchezo huo. Nesi Mwatima alikuwa ameshashika kigurudumu cha mpira wa dripu ili aifungulie.

"Nesi," alisema Afra, na sauti ikamtoka nyembamba. "Bibi hanywi. Anatafuna."

"Anatafuna nini, mwanangu?"

"Vidonge vya magoti. Kila siku. Mimi ndiye nnayemnunulia."

"Mtoto huyu ananizulia," alisema Bi Kulthum, lakini hakusema kwa nguvu. Afra alitoa vidonge mkobani akaviweka juu ya shuka.

Nesi Mwatima hakugomba. Aliondoa mkono kwenye kigurudumu, akachukua vidonge na kwenda kumwita daktari. Bi Kulthum aligeuza uso ukutani. Afra alimwita mara mbili, na mara zote mbili hakujibiwa.

Daktari Nahodha alikuja, akavisoma vile vidonge, akaagiza damu ya bibi ipimwe figo kwanza. Walipokuwa wanangoja majibu, Muzna alirudi na chupa ya uji, akaelezwa yote. Afra alijikunja kwenye kona akingoja kimbunga. Lakini Muzna alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu wa mama yake.

"Mama, mimi nlivitupa kwa sababu nliogopa kukupoteza," alisema, na machozi yakamtoka. "Kumbe magoti bado yanakuuma namna hii. Kwa nini hukunambia?"

Bi Kulthum alinyoosha mkono akaushika mkono wa bintiye, uso bado ukutani.

Majibu yalikuja: figo zilikuwa zimechoka, ila hazijaharibika. Daktari alipunguza kiasi cha dawa, akapiga marufuku vidonge vya waridi, na akatoa dawa nyingine ya maumivu isiyozielemea figo. Aliagiza bibi aongezewe maji kwanza. Jioni dripu ya dawa ikafunguliwa, tone baada ya tone.

Siku zilizofuata Afra alikuwa mlinzi kweli. Alimpa bibi maji kikombe baada ya kikombe. Bi Kulthum alivipokea, akanywa, akarudisha vikombe bila neno. Alitaniana na manesi, alizungumza na Muzna, ila Afra tu ndiye aliyekosa salamu. Afra alikuwa akienda kulia nyuma ya pazia, kisha akipangusa macho na kujaza kikombe kingine. Asikudanganye mtu, ukweli nao una gharama yake.

Malengelenge yalianza kukauka. Uvimbe ulishuka, na asubuhi moja kope za bibi zikaachana. Daktari alimwonyesha vidole vyake, na bibi akavihesabu vyote bila kukosea.

"Jicho limepona," alisema daktari. "Leo unarudi nyumbani. Lakini kabla sijakuandikia dawa ya kuendelea nayo, nakuuliza tena. Nyumbani unatumia kitu chochote?"

Bi Kulthum alijiweka sawa kitandani. "Chukua kalamu, baba. Chai ya tangawizi, kila asubuhi. Mafuta ya karafuu, nnajikanda magotini. Habasoda, kijiko kimoja kwa asali. Kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, shoga yangu Bi Mashavu ananiletea Ijumaa. Mwarobaini nikihisi homa, nnachemsha majani. Tambuu ya kutafuna nayo niitaje?"

"Itaje, Bibi."

"Tambuu, basi. Na halua, ila halua si dawa. Au iandike tu, usije ukasema nimekuficha."

Nesi Mwatima alicheka mpaka akashikilia kitanda. Daktari naye alicheka, lakini kila kitu alikiandika. Kisha akamgeukia Afra.

"Mwanangu, mimi najua dawa, lakini yaliyomo ndani ya nyumba zenu siyajui. Mgonjwa asiponambia, natibu nusu ya mtu. Siku ile ungenyamaza, sindano ya kumponya bibi yako ingemdhuru, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiagiza. Mtu akiulizwa kabla ya sindano, asijibu swali tu. Aseme kile anachojua kwamba daktari anahitaji kukijua."

Afra aliinamisha kichwa. Sifa zile hazikumfurahisha sana, kwa kuwa aliyemtaka amsemeshe alikuwa bado hajamsemesha.

"Mjukuu wangu," alisema Bi Kulthum.

"Naam, Bibi." Aliitika mbio mno hata akajikwaa kwenye kiti.

"Siku ile umeniaibisha mbele ya watu."

"Nisamehe, Bibi."

"Ngoja nimalize. Nimelala kitanda hiki nikikukasirikia, na kila nikitaka kukukasirikia zaidi, unaniletea maji." Akamshika mkono, akamkalisha karibu yake. "Mimi ndiye niliyekufunza kucheza na maneno, na kwenye mkaa na vyombo ni mchezo mzuri. Kwenye uhai wa mtu si mchezo. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami nikajiona mjanja kuliko wazee. Ungeninyamazia kwa adabu, Afra, ungenizika kwa adabu."

Afra alimkumbatia akilia na kucheka kwa pamoja. Bi Kulthum alimpangusa machozi kwa ncha ya mtandio wake, akamwambia amtafutie viatu, waende nyumbani.