Nusu ya Akiba

Saa kumi alasiri Eilert, mtafiti ninayemsaidia maabara, aliniomba nimletee bomba namba thelathini na moja. Nje kulikuwa na giza totoro, kama kawaida ya Tromsø, kaskazini kabisa ya dunia, ambako jua halichomozi kila Desemba, na mimi nilikuwa nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Miaka ishirini na sita ya kukwangua tope la bahari humchosha mtu mpaka mifupani.

"Dada Solbjørg, nusu ya kazi, siyo ya akiba," alisema bila kutoa jicho kwenye hadubini. "Ukigusa ya akiba nakushtaki kwa Mungu."

"Mungu mwenyewe kashawachoka nyinyi watafiti," nilimjibu, nikachukua ufunguo wa chumba cha baridi.

Kazi yetu ni hii. Tunazamisha bomba refu kwenye sakafu ya Bahari ya Barents, tunalitoa limejaa tope, tunalipasua kwa urefu kama mkate. Nusu moja tunaichokonoa tujue zamani gesi ya methani ilivuja lini, maana makombe madogo ya viumbe wa baharini yaliyomo hubeba alama yake. Nusu ya pili inafungwa kwa plastiki na kulazwa kwenye chumba cha baridi. Haifunguliwi.

Bomba hili tulilipasua Jumatatu. Lilitoka karibu na pale mashua ya kaka yangu Jostein ilipopotelea, miaka kumi na tisa iliyopita. Sikumwambia mtu. Mama yetu ana miaka themanini na minne, anaishi peke yake kijijini Skjervøy, na amegoma kuhamia nyumba ya wazee. Hafungi mlango kwa ufunguo hata kwenye dhoruba. Anasema Jostein akirudi asije akakuta kumefungwa.

Niliilaza nusu ya kazi mezani, nikafunua plastiki. Harufu ya mayai viza ikanipiga puani. Hiyo ni kawaida. Tope lilikuwa likitoa vipovu taratibu... pwu... pwu... Hiyo nayo ni kawaida.

Kwenye mita ya nne kisu kikanasa.

Nilidhani ni gamba la chokaa, lile linalojijenga pale gesi inapovuja. Nikakwangua pembeni. Kikatokea kitu cha kijivu, laini.

Sufu.

Ilikuwa glavu ya mvuvi, zile za pwani yetu zenye vidole gumba viwili, ili upande mmoja ukilika kwa kamba uigeuze uendelee kuvuta. Kwenye kifundo palikuwa na msalaba wa bluu uliopinda kushoto. Misalaba ya mama yote imepinda, kwa sababu jicho lake moja halioni vizuri. Jostein aliondoka na glavu moja tu siku ile. Ya pili aliisahau juu ya jiko, na mpaka leo inaning'inia palepale.

Tope la mita ya nne lina umri wa miaka kama elfu kumi na mbili.

Kwetu, glavu ikinaswa wavuni, unaita kwanza jina la mwenyewe, ndipo unaishika, la sivyo kilichokuja nayo kitakufuata wewe. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini nilifanya anachofanya kila mwanamke wa pwani akishika glavu: niliingiza mkono, nione ni upande gani uliolika.

Ndani palikuwa na joto.

Na kitu kikanibana vidole... polepole... kama mtu anayesalimia.

Niliitupa sakafuni, nikampigia mama.

"Mama, ile glavu ya Jostein ipo?"

"Ipo. Tangu Jumatatu inalowa. Naikausha, inalowa tena. Nimeionja, ni chumvi. Umeipata ya pili, eh?"

"Ndiyo."

"Umeingiza mkono?"

Niliufuta mkono ule kwenye koti langu.

"Basi kashakujua, mwanangu. Akibisha, mfungulie. Mimi nimechoka kungoja."

Eilert alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliitazama glavu, akafungua kwenye kompyuta picha ya eksirei tuliyoipiga bomba hilo Jumatatu. Mita ya nne. Tope tupu, laini, bila doa.

"Gesi hukoroga tope, vitu huzama," alinong'ona. "Lakini hii... hii imeingia baada ya picha, dada."

Ndipo tuliposikia.

Du. Du. Du.

Ilitoka ndani ya chumba cha baridi, mlangoni. Ilikuwa sauti ya kiwiko. Jostein alibisha hivyo siku zote, mikono yake ikiwa imejaa samaki.

"Kuna mtu humo?" Eilert aliuliza.

"Nimetoka humo sasa hivi. Kuna mabomba tu."

Maji yakaanza kupenya chini ya mlango. Harufu ya mayai viza ikazidi. Kisha sauti, karibu kabisa na tundu la ufunguo:

"Solla..."

Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Nilimpenda kaka yangu kuliko mtu yeyote duniani. Lakini tope lile lilikuwepo kabla ya kaka yangu, kabla ya mtu yeyote, na sikujua ni nani hasa aliyejifunza jina langu. Niliogopa.

Nikazungusha ufunguo mara mbili, nikafunga.

Kukawa kimya.

Asubuhi mama alipiga simu. "Imekauka."

"Nini, mama?"

"Glavu. Imekauka kau." Nilisikia anavyopumua. "Solbjørg, ulimfungia mlango?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyebisha."

Alikata simu.

Siku ya mkesha wa Krismasi nilikwenda Skjervøy kumwomba radhi. Nilibeba mfuko wa samaki, theluji ilikuwa magotini, na nilikuwa nimechoka hata kufikiri. Nikabisha.

Kutoka ndani mama aliita, kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka kumi na tisa:

"Jostein? Ingia, mwanangu! Hapajafungwa!"

Ndipo nilipogundua kuwa nilikuwa nimebisha kwa kiwiko. Na mkono ule ulioingia kwenye glavu ulikuwa umeshashika kitasa, umelowa, na sikuwa nimeutuma mimi.