Vifuniko vya Boliti Nne

"Lori la Ford, jeupe. Magari sita kabla ya daraja. Ingia!" sauti ya makao makuu iliita sikioni.

Renata Wrobel, mpelelezi, alikuwa ameshaingia.

Mchana kweupe, Detroit. Ng'ambo ya mto ni Kanada, na huko wanunuzi wa kigeni walikuwa wakiisubiri bloku moja ya injini iliyoibwa, jasho la miaka minane la karakana moja ndogo. Ikivuka, imekwenda.

Ndani ya lori kulikuwa na bloku kumi tupu juu ya vigogo. Zote rangi ya chungwa.

"Mzee Clyde, namba za ubavuni zote ni zilezile."

Clyde Haskins alikuwa kwenye gari la nyuma, akitazama kupitia kamera iliyofichwa kwenye kola ya Renata. Fundi wa idara yao ya upelelezi. Ndiye aliyemfundisha kazi miaka kumi na mmoja.

"Nimeziona, binti. Za kawaida hizo. Shuka, mzigo wetu uko njia nyingine."

"Una hakika?"

"Si namba hizo hapo? Unataka nini tena?"

Renata aliganda.

Namba! Mzee huyuhuyu alikuwa akimpiga kofi mkononi kila alipoamua kwa namba ya ubavuni. Bloku dhaifu na bloku imara hutoka kalibu moja, namba moja. Tazama chini, kwenye vifuniko vinavyoshika kranki, mhimili unaozunguka ndani ya injini. Boliti mbili, ya kawaida. Boliti nne, ndiyo yenyewe. Clyde hawezi kusahau hilo hata usingizini.

Iliuma. Iliuma vibaya.

Alitoa kioo chake cha fimbo, akakipitisha chini. Mbili. Mbili. Mbili.

"Shuka, Renata!"

Ya saba. Nne.

Alikisogeza kioo mbele ya kamera.

"Hesabu, mzee."



"Ungeniachia tu ivuke, binti," Clyde alisema sikioni mwake.

Mlango wa nyuma wa lori ulifunguka. Dereva, bastola mkononi. Renata alimpiga kiwiko, bastola ikaruka. Bastola ya Renata ikamgusa paji la uso.

"Nenda ukazime injini."

Yalibaki magari mawili tu kati ya lori na daraja.

Alimfunga dereva kwenye usukani, akatembea hadi gari la nyuma. Clyde hakukimbia. Kwenye dashibodi kulikuwa na vikombe viwili vya kahawa, kimoja bila sukari, anavyopenda Renata. Alikuwa akimnunulia kila walipokwenda kazini. Hata leo alinunua.

"Kinapoa," Clyde alisema, bila kumtazama.

Renata alimfunga pingu, akafuta machozi kwa mkono wa koti, akaondoka. Kikombe alikiacha palepale.